Televisheni ya 4K na Mpaka wa Mama Leokadia

Kule Murongo kulikuwa na mtu aliyenunua televisheni ya 4K, akaweka humo video ya zamani ya ubatizo wa mwanawe. Katikati ya sherehe, nyuma kabisa ya padri, ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kingine, akaonekana mbuzi wake aliyepotea miaka ile akiswagwa na mwizi. Na si kuonekana kwa kubahatisha. Familia ilimtambua mwizi kwa pengo la jino, na ukisogea karibu na kioo ungeweza kuhesabu kupe kwenye sikio la mbuzi. Mwizi akaitwa, akaonyeshwa, akalia, akalipa mbuzi pamoja na watoto wote ambao mbuzi yule angekuwa ameshawazaa.

Habari hiyo niliipata kwa dereva wa lori la ndizi, nikaiamini yote, kupe wakiwemo. Mimi Respisi, fundi, mwenye cheti cha kidato cha nne, niliyesoma fizikia nikaielewa. Niliwahadithia wateja kwa muda mrefu, na kila nilipoihadithia niliongeza kidogo, kwa nia njema tu ya kuipendezesha. Nadhani kufikia mwisho kupe mmoja alikuwa anapepesa macho.

Sasa nimestaafu. Macho yamekataa. Baada ya miaka yote ya kuwauzia watu maneno kuhusu picha kali, mimi mwenyewe naiona dunia kwa chenga, na mke wangu ndiye anayeniambia kama niliyemwamkia njiani alikuwa katekista au nguzo ya umeme. Nyinyi vijana mliobaki na banda la Nkwenda mmeniomba niandike mambo ya kazi. Ya vyeo sina, kwa sababu kwenye banda la mafundi wawili cheo ni kimoja tu, nacho ni kukaa upande usiopigwa na jua. Lakini najua mnaulizwa kila siku swali lile lile nililoulizwa mimi: fundi, ninunue ya 4K, au hii ya kawaida inatosha? Nitafika huko. Kwanza nianze na umeme ulivyonipiga.

Kazi niliifundishwa Kayanga na mzee Projestus, Mhaya wa Muleba, ambaye hakuacha kutukumbusha sisi Wanyambo kwamba kwao televisheni zilifika kabla kwetu hayajafika mabati. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye pasi ya kuchomelea risasi iliyofungwa kitambaa mahali pa kushikia, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mkewe. Siku yangu ya kwanza alinipa televisheni ya chogo, zile zenye mgongo mkubwa, nifute vumbi. Nikafuta. Nikafuta mpaka pale ambapo mtu hapaswi kufuta. Kwa kumbukumbu yangu mimi nilipaa nikapita paa, nikaiona Rwanda yote ilivyo, nikarudi chini kwenye magunia ya kahawa ya duka la jirani. Walioshuhudia wanasema nilianguka kutoka kwenye stuli. Kila mtu na macho yake.

Mzee Projestus hakuinua kichwa. Alisema, "Mkono wa kushoto unakaa mfukoni."

Maana yake mnaijua: ukiugusa umeme kwa mkono mmoja utaruka, ukiugusa kwa miwili umeme unakatiza kifuani, na hapo hakuna wa kukusimulia. Na chogo linaweka umeme hata likishazimwa, kama mtu mwenye kinyongo. Nikamwambia suruali yangu haina mfuko wa kushoto. Kesho yake alikuja na sindano, uzi, na kipande cha gunia, akanishonea mfuko hapo hapo mbele ya wateja, suruali nikiwa nimeivaa. Ule mfuko ulinikaa vibaya, lakini ndio ulionifikisha kwenye uzee.

Kanuni yake ya pili ilikuwa hii: mteja akija, muulize anataka nini, halafu nyamaza. Ya kwanza niliishika kwa sababu ya kupigwa. Ya pili hakuna umeme ulionipiga kwa ajili yake, kwa hiyo niliisikia tu, nikaendelea na maisha.

Baadaye nikajiunga na masomo ya jioni. Tulisomea kwenye madarasa ya shule ya msingi, watu wazima na ndevu zetu, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa masikio. Binti yangu mkubwa ndiye aliyekuwa ananisahihishia hesabu, na alikuwa mkali kuliko mwalimu. Ilipofika mada ya mwanga na picha, mwalimu akatuambia kwamba picha ya televisheni si picha, ni doti nyingi ndogo zilizopangwa safu kwa safu, na zikiwa nyingi zaidi picha inakuwa kali zaidi. Nilitoka darasani nikiwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyeleta hata rimoti iliyoisha betri akaondoka bila kuhubiriwa doti. Mzee Projestus alinisikiliza siku nzima, jioni akasema, "Umesoma sana. Sasa nishikie huu waya."

Nilipofungua banda langu Nkwenda bado ilikuwa enzi ya machogo na antena. Antena tuliifunga juu ya mkaratusi uliochongwa, mtu mmoja nje anazungusha, mwingine ndani anapiga kelele rudi, rudi, hapo hapo, umepitiliza. Ndoa nyingi zilitikisika kwa ajili ya ile kazi. Mume ni yule aliye nje kwenye mvua, mke yuko ndani anasema bado. Picha ikija ilikuja na chenga, na kati ya chenga kulikuwa na vivuli vinavyocheza mpira, na watu walishangilia goli kwa kusikia mtangazaji alivyopandisha sauti, si kwa kuona mpira. Mnaona? Nilikuwa na jibu la maisha yangu yote mbele yangu tangu wakati ule, nikalipita kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake.

Kisha vikaja visimbuzi, chenga zikaisha, na nyuma yake zikaja televisheni bapa. Hapo wazimu ukaanza rasmi. Kwanza HD. Mwenye HD alitembea kijijini kwa mwendo mwingine. Kabla hajamaliza kutembea ikaja Full HD, naye akaanza kupita njia ya nyuma. Ilipokuja 4K ndipo nilipoona watu wazima, wanaosali, wenye mashamba, wanagombania kibandiko. Maana wengi walichonunua ni kibandiko kile cha pembeni ya kioo. Mwalimu mmoja wa Nyakatuntu alikataa kukibandua, akakataa pia kuondoa ile nailoni inayokuja juu ya kioo, eti kisichubuke. Ameangalia 4K yake miaka yote kupitia nailoni, na juu ya nailoni mkewe ametundika kitambaa cha kufuma chenye maua. Ananiambia picha ni kali sana.

Kimuli nilifunga nyingine kwa mzee ambaye sebule yake imepangwa kama ukumbi wa mkutano: makochi yamegandamana na kuta zote nne, katikati uwanja mtupu, na televisheni imekaa mwisho kule kama mgombea asiyependwa. Kwa umbali ule hata ungetoa zile doti zote ukamwachia nusu asingejua. Nikamshauri asogeze kochi. Akasema kochi likisogea wageni watadhani hana ukuta. Omurushaka namjua mwingine, huyo kidogo nimheshimu, maana ndiye pekee niliyemwona akiifaidi 4K kikamilifu. Anaangalia ile video ya samaki wa rangi iliyokuja ndani ya televisheni kutoka dukani. Hiyo tu. Kisimbuzi amekipeleka kwa shemeji yake. Anasema baada ya wale samaki watangazaji wa habari wanaonekana wachafu.

Wengine wote waliweka humo picha ile ile ya kisimbuzi ya siku zote, na sinema zile za flashi zilizobanwa mpaka sura za waigizaji zikawa za mraba, wakanipigia simu kwamba mbona haing'ai. Na mimi msomi nikawajibu bila aibu kwamba umeme wa huku ni mwembamba, subirini uongezeke. Nililisema hilo Kyerwa nzima. Mpaka leo kuna watu wanasubiri.

Sasa nifike kwa mama Leokadia wa Isingiro, ambaye ndiye sababu nimekaa kuandika.

Alikuja bandani asubuhi ya siku ya soko, amefungisha chogo lake kwenye pikipiki kwa kanga na mipira. Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa kwenye benchi, akasema, "Spika imekufa, baba. Picha ipo. Nataka kuisikia harusi ya Editha."

Editha ni binti yake. Harusi aliyoisema ni ile sherehe ya nyumbani kwao, kuhingira, siku ya kumuaga binti kabla hajaenda kwa mumewe. Mwenye kamera alikuja akapiga video tangu wageni wanaingia mpaka pombe ya rubisi imekwisha. Nikamuuliza ya nini leo, na Editha ana watoto wanaosoma. Akaanza kunieleza. Mumewe, mzee Gaudensi, alikuwa ameshafariki. Matanga yalipokwisha tu, jirani yao Anatoli, mnunuzi wa ndizi, alianza kusema mpaka wa vibanja vyao, yaani mashamba yao ya migomba na kahawa, haukuwa pale ulipo. Siku moja wakaamka wakakuta miramura imehama. Mnaijua miramura, ile mimea mirefu ya majani membamba tunayopanda kwenye mipaka, ambayo hakuna mtu mwenye heshima anayeigusa. Ilikuwa imeng'olewa ikapandwa upya ndani kwa mama Leokadia, na kile kipande kilichomezwa ndicho chenye mibuni ya mzee Gaudensi, mikubwa, ile inayomlisha. Kesi ilikuwa inakwenda baraza la kata. Anatoli ana mashahidi. Yeye mama Leokadia ana mdomo wake, na mdomo wa mjane haukuwa unahesabiwa. Lakini siku ile ya sherehe, akasema, wageni walikaa pale pale kwenye mpaka, na kwenye video kuna...

Hapo nikamkatisha. Wallahi sikumwacha amalize. Nilishaona mbuzi wa Murongo akija mbio.

Nikamwambia, "Mama, achana na spika."

Juu ya kichwa changu zilikuwa zinaning'inia spika nzima nilizozitoa kwenye redio zilizokufa, zimefungwa pamoja kama vitunguu. Yoyote kati ya hizo ingeimba ndani ya chogo lile kabla soko halijajaa. Mimi nikasimama nikamhubiria doti. Nikamwambia kama wageni walikaa mpakani, basi miramura imo ndani ya ile picha, imejificha tu kwa sababu chogo halina doti za kutosha kuionyesha. Tukiweka 4K tutaona jani kwa jani. Nikamhadithia Murongo, mwizi, pengo, kupe.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Hiyo nayo inaongea?"

"Inaongea, lakini sisi tunataka kuona."

Kahawa yake ya msimu ule ikaingia yote ndani ya kioo. Tukaichukua Omurushaka, kubwa kuliko zote dukani, kwa ushauri wangu. Niliibeba mwenyewe nyuma ya bodaboda, nimeikumbatia kama mwari, na kila upepo ulipolishika boksi pikipiki ilitaka kwenda Uganda na sisi tunataka kwenda Isingiro. Ilipofika ikagundulika ni pana kuliko dirisha. Tukahamisha kabati, tukahamisha picha ya Bikira Maria kuipeleka chumbani, na mama Leokadia akaomba msamaha kwa picha kwanza ndipo akairuhusu iondoke. Televisheni mpya haikuwa na matundu ya zile nyaya tatu za deki, kwa hiyo nikachukua diski ya sherehe kuipeleka Nkwenda ihamishiwe kwenye flashi. Alipokuwa ananikabidhi hiyo diski aliniuliza kama sauti nayo itahama. Nikamjibu vyote vinahama. Nilimjibu huku natazama kibandiko.

Flashi ikawa tayari asubuhi ile ile ya baraza, hivyo hatukujaribu kitu. Baraza lilikubali kuja kukaa nyumbani kwake, maana hakuna ambaye angekubali kuikosa ile televisheni. Alikuja mwenyekiti, mzee mpole mwenye kofia ya sufi, wajumbe wake, majirani wa pande zote, na watu wa kijiji cha pili ambao hawakuitwa na mtu. Anatoli alikuja na shati la Jumapili. Alimwamkia mjane kwa adabu zote, kisha akanivuta pembeni, karibu na pipa la maji.

"Waitu fundi," akasema kwa heshima, kwa sauti ya chini, "ni kweli inahesabu kupe?"

"Hata wa mwaka juzi."

Akaenda kukaa karibu na mlango. Lazima mjue, mtu huyu alikuwa ameiamini Murongo kama nilivyoiamini mimi. Jasho lilimtoka mpaka kola ya shati ikabadilika rangi. Kama ningejua kunyamaza, kama mzee Projestus alivyonifundisha, pengine angekiri pale pale kabla sijachomeka flashi. Lakini nilichomeka.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzima sauti. Niliwaeleza wajumbe kwamba sauti inachanganya macho, na wakati wa kuangalia ushahidi ni bora kioo kifanye kazi moja. Walitikisa vichwa kama watu walioambiwa jambo zito. Video ikaanza. Wageni wakaingia kimya kimya, wakala kimya, wakacheza bila ngoma, midomo inafunguka na kufumba kama wale samaki wa Omurushaka. Wageni wakakaa kwenye mabenchi. Nyuma yao, migomba. Nyuma ya migomba, kijani kingine.

"Hapo," nikasema, nikasimamisha picha. "Sasa tazameni."

Nikaikuza. Kile kijani kikawa kikubwa. Nikakuza tena, kikawa kikubwa zaidi na laini zaidi, kikajaa ukuta mzima wa sebule: ukungu wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo, mpana, safi, wenye doti zake zote mahali pake. Nikabinya mpaka kitufe cha rimoti kikazama. Mjumbe mmoja akasema anamwona ng'ombe. Mwingine akasema si ng'ombe, ni mtu amevaa kanzu, na akamtaja jina, ikaja kujulikana mtu huyo siku ya sherehe alikuwa amelazwa hospitali. Mama mmoja wa nyuma alimwona marehemu shangazi yake, akaanza kuomboleza, wakamtoa nje.

Nilisema umeme ni mwembamba.

Nyinyi ni mafundi, niwaambie kwa kahawa yetu. Ukiwa na debe moja la kahawa, ukalianika kwenye mkeka mdogo, linaenea. Ukiliweka kwenye mkeka wa ukumbi mzima, kahawa haiongezeki, inatawanyika tu, na kuku wanapata nafasi ya kupita katikati. Kamera ile ilivuna debe moja siku ile. Mimi nilimnunulisha mjane mkeka wa ukumbi mzima. Ukivuna magunia, yaani picha ikipigwa kwa ukali huo tangu mwanzo, na ukanunua kubwa, na ukakaa karibu, 4K utaifaidi, sitaki kudanganya. Vinginevyo nunua ya kawaida, nzuri, yenye kioo imara, na hela inayobaki nunua kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, maana kuna radi za Kyerwa zisizouliza ina doti ngapi.

Haya yote siku ile sikuyajua. Nilikuwa nimesimama na rimoti mbele ya ukungu.

Anatoli akaanza kukauka. Kwanza akajifuta shingo, halafu akakunja miguu, halafu akacheka. "Mama," akasema, "kama mpaka wako ni ule ukungu pale, nakuachia wote. Peleka na nyumbani kwa Editha."

Watu walicheka, na wengine walikuwa marafiki wa mama Leokadia. Naye alikuwa ameangalia mikono yake. Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena, akamuuliza kwa upole kama ana ushahidi mwingine, maana wajumbe wana safari. Nikaiona mibuni ya mzee Gaudensi ikiondoka mbele ya macho yangu, hiyo niliiona kwa ukali wote, bila kibandiko.

"Sina mwingine," akasema. "Ni huo huo. Respisi, fungulia sauti."

Nikamwambia mama, sauti haitasaidia, tatizo ni...

"Fungulia sauti."

Nikafungulia. Ngoma zikajaa chumba, watu wakashtuka. Akasema nisogeze mbele, mbele, baada ya chakula, hapo. Mzee Gaudensi akasimama kwenye kioo, sura yake ina ukungu kama kila kitu, lakini sauti ilikuwa ya kwake kabisa, ile ya kukwaruza, akiwashukuru wakwe kwa Kinyambo na kuwatania kwamba wamekunywa haraka kuliko walivyolipa mahari. Mama Leokadia alishika ncha ya kanga akaiweka mdomoni. Kisha mshereheshaji akasema anampa nafasi jirani mwema, na kipaza sauti kikapokelewa na mtu ambaye kwenye 4K ile hakuwa na pua wala macho, doa tu la kahawia lenye shati.

Lakini alipofungua mdomo hakukuwa na mtu Isingiro ambaye hakumjua.

"Mimi ni Anatoli," lilisema lile doa, limechangamka. "Wageni wetu, karibuni, mmejaa mpaka kwangu, na mimi nimefurahi. Kaeni upande wangu wote mpaka kwenye mramura ule chini ya mfenesi. Ila kuanzia mfenesi kurudi huku ni kwa mzee Gaudensi, mkewe ana mibuni yake pale, na msiponikanyagia mibuni ya shemeji yangu mtakuwa mmenisaidia, maana ni mkali."

Kwenye kioo watu walicheka. Sebuleni hakucheka mtu.

Mwenyekiti akasema nirudie. Nikarudia. Akasema tena. Nikarudia, na kila mara lile doa lilikuwa na furaha ile ile.

"Siku ile nilikuwa nimekunywa," Anatoli akasema.

"Ulikunywa wewe," mwenyekiti akamjibu. "Mfenesi haukunywa. Tutoke."

Tukatoka wote mpaka kwenye mfenesi, ambao haukuhama kwa sababu haung'oleki. Mjumbe akachimbua kidogo kwa jembe la mama Leokadia kati ya mizizi. Pale palikuwa na kisiki cha mramura ulioshindikana kung'olewa, ukakatwa chini kabisa, na pembeni yake kimeshatoa chipukizi, kwa maana mmea ule ni mkaidi. Kilionekana vizuri sana. Hata mimi nilikiona, na macho yangu yalikuwa yameshaanza kunikimbia. Mwenyekiti akamwambia Anatoli ahamishe miramura yake kabla ya kahawa kuanza kuiva, kwa mikono yake mwenyewe, si kwa kibarua, na Anatoli akasema ndiyo mzee. Alipoondoka hakupita njia ya kawaida.

Nilibaki kukusanya nyaya. Televisheni ilikuwa bado inawaka, doa limesimama na kipaza sauti. Mama Leokadia aliniletea chai na ndizi za kuchoma. Na mimi, kwa kuwa ni mtu niliyesoma, nikaona si vizuri kuondoka bila kusema neno la kumalizia. Nikamwambia, unaona mama, ile 4K imekusaidia.

Aliiangalia televisheni, kisha ukuta ulipokuwa na picha ya Bikira Maria, kisha mimi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani.

"Respisi baba, televisheni haina macho. Siku ile kamera haikuuona mramura, kwa hiyo hakuna kioo kitakachouona. Maneno ya Anatoli yalikuwemo mle ndani siku zote, na mimi niliyajua. Ndiyo maana nilikuletea spika."